Aproni ya Dume

Miaka ile tulipopewa mkoa wetu wa Manyara, josho la bure lilikuwa limeshakufa na kila mfugaji alijinunulia dawa ya kupe mwenyewe. Baba yangu akahudhuria semina ya mifugo, akarudi kijijini kwetu Maretadu hashikiki. Alitangaza kwamba kuanzia sasa ng'ombe wetu watazaa mwezi wa kumi na mbili tu, mvua zikianza na majani yakichipua. Kwa kuwa ng'ombe hubeba mimba miezi tisa, dume asipande mpaka mwezi wa tatu.

Mama hakutaka. Yeye ndiye aliyekamua, na yeye ndiye aliyewapa wageni chai ya rangi kiangazi kizima huku wakilitazama zizi lililojaa. Aibu ile ilimuuma kweli. Alitaka ndama wazaliwe mwezi wa sita, wakati wa mavuno, mabua na maganda ya maharage yakiwa tele, ili kiangazi kikute maziwa. Baba akamwuliza amesomea wapi.

Basi, baba akakata ngozi kuukuu, akaifunga chini ya tumbo la dume kama aproni, ili hata akimrukia jike asifanikiwe. Majirani walikuja kushangaa. Dume mwenyewe alinyong'onyea, maskini, nusura nimpe pole. Baba alikagua kamba asubuhi na jioni, na kwa alivyotembea ungedhani kashinda udiwani.

 Mwezi wa tisa mama akamwandalia baba uji, akamwambia kwa upole kwamba ng'ombe wanalamba kuta, wanadai chumvi. Ni desturi yetu kuwateremsha wakalambe chumvi Ziwa Balangida. Baba akakubali. Kwa umakini wake, dume akamwacha nyumbani na aproni yake, akaswaga majike peke yao. Nilifumbua mdomo niseme neno, mama akanikanyaga mguu.

Jamani, kule chumvini hukutana ng'ombe wa bonde zima, hadi wa Dirma, na madume wa kule hawajawahi kuhudhuria semina.

Mwezi wa tatu baba akamfungua dume mbele ya majirani. Majike hawakuinua hata vichwa, wakaendelea kula majani. Baba akasema dume amesahau kazi.

Mwezi wa sita jike wa kwanza akazaa ndama mwenye madoa meupe ambayo hayajapata kuonekana zizini kwetu. Wakafuata wengine, madoa yale yale. Baba akaenda kuichukua ile ngozi, akaigeuzageuza.

"Kamba haikulegea hata siku moja," alisema.

"Haikulegea," mama alikubali. "Ila ulimfunga wa kwetu tu. Usijali, mzee, kitanda hakizai haramu."

Baba alinuna siku mbili. Kisha wageni wakaja, mama akawamiminia chai nzito ya maziwa, uso umemnawiri. Baba akanywa vikombe viwili, akajikohoza, akaanza kuwafundisha wageni faida za kuzalisha ng'ombe wakati wa mavuno. Mama akamwongezea chai.

Mwezi wa tisa ulipofika, baba ndiye aliyesema ng'ombe wanadai chumvi.