Upau wa Zana wa Athieno

Enzi zetu kule Mwello, mashariki mwa Uganda, mtoto hakuulizwa anapenda kutumia mkono gani. Ulizaliwa, ukapewa jina, ukaambiwa mkono wa kulia ndio wa kula, wa kusalimia na wa kupokea, na wa kushoto ukaachiwa kazi za chooni. Wenzangu wa rika langu mnajua. Ukimpa mtu mzima kikombe kwa mkono wa kushoto, alikutazama tu, asikipokee, mpaka ukihamishe.

Dada yangu Athieno alizaliwa mashoto. Tulifuatana ziwa, yeye mbele mimi nyuma, kwa hiyo kwenye sinia la ugali wa wimbi nilikaa ubavuni pake. Katikati kulikuwa na bakuli la kunde zilizoungwa kwa ufuta uliosagwa, na harufu ya ule ufuta bado ninayo puani. Athieno akinyoosha mkono wake, kiwiko chake kiligongana na changu, mchuzi ukamwagika, na bibi akaguna. Mwishowe bibi alichana kipande cha gomesi, lile vazi lake refu kuukuu, akawa anamfunga ule mkono kiunoni kabla ya kula. Shuleni nako kulikuwa na mwalimu mmoja kutoka upande wa Kenya ambaye alipenda kusema, "Samaki mkunje angali mbichi," kisha rula ikatua kwenye vidole.

Lakini jioni bibi yule yule alimfungua, akamkalisha karibu na jiko, akampaka samli pale kitambaa kilipomchubua. Alimpaka taratibu huku akilalamika kwamba mtoto huyu atamuua kwa huzuni. Athieno alisinzia hapo hapo.

Mahali pekee ule mkono ulipopata heshima ni kwenye kwepena, ule mchezo wa kukwepa mpira unaorushiwa. Mpira wetu ulikuwa wa majani makavu ya mgomba, na ukikupata mbavuni uliuhisi. Athieno akirusha kwa kushoto, hukujua utakwepea wapi, na timu zote mbili zilimgombania. Watoto wa siku hizi ukiwaambia watoke nje wakacheze, wanauliza kama huko nje kuna mahali pa kuchajia.

Tukakua. Athieno akapata kazi Busia, kwenye ofisi ndogo ya kutoa mizigo forodhani, malori yakiunguruma mlangoni tangu asubuhi. Siku niliyomtembelea nilimkuta amehamishia kipanya kushoto kwa kibodi. Hilo nililitarajia. Nisilolitarajia ni kivinjari, ile programu anayofungulia mtandao. Ule upau wa zana ulioko juu, wenye vitufe, alikuwa ameupindua wote. Kitufe cha kurudi ukurasa uliopita, ambacho kwa watu wengine hukaa kushoto, yeye alikipeleka kulia, mwisho kabisa. Vingine vilikifuata kwa mpangilio wake mwenyewe, herufi za menyu amezikuza, na vile asivyovitumia amevificha.

"Nani amekuruhusu?" nikamuuliza, maana hata mimi bado nilikuwa mjukuu wa bibi.

Akacheka mpaka wenzake wakageuka. "Okoth, hii ni ya kwangu. Unaingia hapa kwa menyu, unachagua kupanga, unavuta kila kitu unaweka pale unataka. Na hapana mtu nachapa mimi."

Sijui kama mpangilio ule ulimrahisishia kazi hata kidogo. Najua ulimpendeza. Kila mara alipokwenda kule kulia kurudisha ukurasa, alitabasamu kidogo. Vijana wa leo hawawezi kunielewa. Wao simu ikitoka dukani, kabla hawajafika nyumbani washabadilisha rangi, herufi na mlio, na kesho wanabadilisha tena kwa sababu wamechoka. Athieno alibadilisha mara moja tu, akatulia, kwa sababu alikuwa amengoja tangu sinia la ugali.

Mwaka juzi ugonjwa wa ini ulimchukua. Tulimzika Mwello, na ofisi ikanipa kiti chake. Nguo zake shangazi waligawana, simu yake ikapotea kwenye vurugu za msiba. Kilichobaki kikiwa hivyo hivyo mikono yake ilivyokiacha ni ule upau wa zana. Sikuugusa. Mimi natumia kulia, na kila siku nilikosea, nikabonyeza kusiko, lakini wenzangu waliponiambia nivirudishe vitufe kwa kawaida, niliwakatalia. Nilizoea. Ilikuwa kama kupika katika jiko la mtu, unajua aliweka chumvi wapi.

Asubuhi moja mwezi uliopita niliwasha kompyuta nikakuta kivinjari kimejisasisha chenyewe. Kilinikaribisha kwa maneno matamu, kikaniambia kimenirahisishia mwonekano. Kila kitufe kilikuwa kimerudi kushoto. Vile alivyovificha vilikuwa vimejipanga mstarini, na herufi zilikuwa ndogo tena.

Nikafungua menyu, nikachagua kupanga, nikaanza kuvuta kama alivyonionyesha. Cha kurudi nyuma nilikiweka kulia mwisho. Na kilichofuata? Kilikuwa cha kuchapisha, au ile nyota ya kualamisha ukurasa? Nilikitumia kila siku na sikumbuki. Nikaweka hivi, nikaweka vile, dereva mmoja akinisubiri na karatasi zake mezani, hadi nikaelewa kwamba hata nikipatia, utakuwa ni mpangilio wangu mimi. Hakuna wa kumuuliza. Nikaacha bila kuhifadhi, vitufe vikabaki kushoto.

Enzi zetu aliyeukataa mkono wako ulimjua kwa jina, na jioni ni yeye aliyekupaka samli. Bibi alijaribu utoto mzima kumnyoosha Athieno akashindwa. Leo amenyooshwa na kitu kisicho na uso, bila hasira, tena kwa kumkaribisha, na yeye hayupo hata akibishie. Nami sina pa kupeleka uchungu wangu.

Nafanya kazi na vitufe vilivyo kushoto sasa, kama kila mtu hapa Busia. Lakini nikitaka kurudi ukurasa uliopita, mkono wangu bado unakwenda kulia kwanza, na pale hakuna kitu.