Mgawo Sawa wa Kalama

Kalama wa Barani alikuwa na kiburi kimoja tu, nacho kilimtosha: alijiona mtu wa haki. Alilelewa katika boma la wake wawili, ambako mama yake, Kadzo, aligawa sima kwa jicho kali, sahani zote sawa, na ole wake atakayedokoa ya mwenziwe. Ukubwani akaajiriwa ofisi moja Malindi, akaandika programu ya kuwasaka wakata mikoko kwenye picha za droni. Kompyuta zilikuwa nne, tatu kuukuu na moja mpya yenye nguvu za ajabu. Kalama akazigawia picha kama sima. Ile mpya ilimaliza fungu lake upesi ikakaa bure, na ofisi nzima ikabaki kuzingoja zile kongwe.

Linet, mgeni kazini, alimweleza kwa adabu kwamba kazi ya namna hiyo ina mtindo wake unaojulikana. Picha zote ziwekwe kapu moja, kila kompyuta ichote kidogo, ikimaliza irudi kuchota.

"Hutahitaji hata kujua ipi ina nguvu, Bwana Kalama."

"Moja ishibe, nyingine zitazame?" Kalama akamcheka mbele ya watu.

Kisha Mangi, mdogo wake aliyefanya kazi kwenye mashamba ya chumvi Marereni, akaingia mikokoni kutafuta kaa, asirudi. Wenzake walizunguka usiku kucha wasimwone. Asubuhi, maji yakiwa yamekupwa, droni ikapitishwa juu ya mikoko yote na picha zikaletwa kwa Kalama. Kadzo akaja akaketi mlangoni, leso ameikaza kiunoni.

Kompyuta mpya ikamaliza mapema. Mangi hakuwemo kwenye fungu lake.

"Niruhusu niipe picha za hizi nyingine," Linet akasihi. "Nusu saa tu, Bwana Kalama."

"Uniharibie kila kitu leo? Iache!"

Alijua binti amesema kweli. Lakini kukubali mbele ya mamake, baada ya kejeli zote zile, kulimshinda. Mpumbavu yule!

Kompyuta kongwe kupita zote ikajikokota hadi alasiri, ndipo ikatoa picha ya Mangi. Tope lilimfika mapajani, naye asubuhi ile alikuwa hai, akiipungia droni shati lake. Watu wakapigiwa simu, wakaenda moja kwa moja hadi pale. Maji yalikuwa yameshajaa yakaanza kupwa tena. Walimkuta angali amesimama, shati mkononi.

Kwenye matanga ya Mangi, Kadzo hakulia. Alimwita Kalama kando, akamuuliza taratibu, kama mtu anayetaka tu kuelewa.

"Ile yenye nguvu, mwanangu, ilipomaliza yake, haikuweza kumsaidia mwenziwe?"

"Iliweza, mama."

"Basi?"

"Niliikataza."

Kadzo akarudi kwa wanawake wenzake. Wakati wa kula aligawa mwenyewe, na sahani ya Kalama haikuwemo.