Mfiwa Aliyetangazwa Marehemu

Kijana aliyeingia kituoni asubuhi ile alikuwa na vumbi la mbao mpaka kwenye kope. Hakumsalimia mtu. Alisimama mbele ya meza ya mapokezi akauliza kwa sauti ya chini, "Nani alisoma vifo jana?"

Anneth Mlowe alikuwa amekaa hapo hapo na kikombe cha chai mkononi. Akadhani ni mteja kama wateja wengine.

"Ni mimi, kaka. Karibu. Una msiba?"

"Nilikuwa na mmoja," kijana akasema. "Saa saba mchana ukaniongezea wa pili."

Anneth alikuwa na miaka ishirini na saba, mzaliwa wa Mjimwema, hapo hapo Njombe mjini. Alimaliza stashahada ya uandishi wa habari akiwa amewaka moto. Alitaka kuandika habari za wakulima wa viazi wanaopunjwa kwa magunia ya lumbesa yanayojazwa kupita kipimo, na za zahanati ambazo dawa hufika kwenye makaratasi tu. Redio ikampokea, ikampa vifo. "Ni kwa muda," alisema Rodrick, meneja wa vipindi. Muda huo sasa ulikuwa na miaka miwili na miezi minne. Ndivyo tunavyowafanya vijana wa nchi hii: tunawajaza ndoto darasani, halafu tunawakalisha kwenye kiti chochote kilicho wazi na kuwaambia washukuru.

Sokoni wauza mboga walimpa jina. "Dada Vifo! Leo hujatuita sisi?"

"Bado mko foleni, mama zangu. Msisukumane."

Walicheka, naye alicheka. Akifika nyumbani kicheko kinamkauka.

Kuondoka hakuweza. Mama yake alipooza upande mmoja mwaka uliopita, na mtoto aliyebaki karibu naye ni Anneth peke yake. Yeye ndiye wa kumwogesha, wa kumlisha, wa kumpeleka mazoezini hospitali mara tatu kwa wiki. Kwa hiyo alibuni mbinu za kuvumilia. Mwaka wa kwanza alijifanya anasoma taarifa ya habari ya taifa: mgongo wima, sauti ya kifua. Mwaka wa pili alichagua kila siku jina moja zuri la kukaa nalo kichwani. Baadaye mbinu zote zikachuja, ikabaki moja, nayo ilikuwa rahisi kuliko zote. Alijifunza kusoma bila kuwepo. Mdomo unabaki studio, mwenyewe yuko Dar es Salaam. Aliona fahari kidogo kwa jambo hilo. Aliweka simu kando ya karatasi akawa anapitia matangazo ya kazi huku marehemu wakimpita mdomoni kama magari ya barabarani.

Fomu ya kituo ina mstari wa kwanza wa jina la mtoa tangazo, na wa pili wa jina la marehemu. Jana yake, mstari wa kwanza uliandikwa: Enoki Mwalongo wa Kichiwa. Wa pili: Emilia Haule, mke wake. Anneth alisoma kwamba Bwana Enoki Mwalongo wa Kichiwa amefariki dunia. Mstari wa pili hakuufikia. Alikuwa ameona tangazo la kazi.

"Naitwa Kasimiri Mwalongo," kijana alisema. "Mama alifia hospitali jana alfajiri. Baba akanipigia, simu yake ikazima chaji hapo hapo. Mimi nafanya kazi Makambako, kwenye mbao. Nikaenda kwa fundi kuagiza jeneza la mama. Fundi ana redio. Tukiwa tunachagua mbao, nikakusikia wewe unamtaja baba."

Anneth aliweka kikombe mezani. Kikagonga ukingo, chai ikamwagika, hakuifuta.

"Fundi akaniuliza, tufanye mawili? Nikamwambia fanya mawili. Akauliza urefu wa mzee. Nikalala chini kwenye maranda, akanipima mimi, kwa sababu tunalingana. Usiku nikafika nyumbani na jeneza la kwanza, la pili likiwa bado kwa fundi, na baba ndiye aliyenifungulia mlango."

Rodrick, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa ofisi yake, alikohoa. "Pole sana, kijana. Makosa ya kibinadamu haya. Saa saba tutasoma masahihisho, tena bure."

"Mazishi ni saa nane," Kasimiri akasema. "Na wajomba wako Ludewa, chini ziwani."

Ndipo alipoeleza jambo ambalo Anneth, kwa majina yote aliyoyasoma miaka miwili, hakuwahi kulifikiria. Emilia alikuwa mtu wa ziwani. Katika ukoo wao dada haingii ardhini kabla kaka mkubwa hajamwona uso na kutupa udongo wa kwanza. Kwa msiba wa shemeji anatumwa mwakilishi mmoja, inatosha. Kaka mkubwa ni Xaveri, simu yake haipatikani mpaka apande kilimani, ila redio yake haizimwi. Kwa sababu hiyo mzee Enoki alitoka chumba cha maiti akaenda kwa miguu yake mpaka kwenye dirisha la redio kujaza fomu.

"Saa mbili usiku mkarudia," Kasimiri akasema.

"Ile ni rekodi ya mchana," Anneth akajibu, akatamani ardhi immeze.

"Chukua koti. Utakwenda kuwaeleza mwenyewe."

Rodrick alimkataza. Anneth alikuwa ameshavaa koti.

Pikipiki iliwachukua kwenye barabara ya Makambako, baridi ya Juni ikichoma macho, kisha wakakata kuingia Kichiwa. Kabla hawajafika nyumbani walisikia kilio. Mbele yao wanawake wanne walikuwa wakipanda njia na kuni kichwani, wakimlilia Enoki kwa Kibena, wakitaja wema wake mmoja mmoja. Walipokata kona ya ua, wa mbele aliangusha kuni zote chini. Enoki alikuwa amekaa kwenye kiti mlangoni.

"Kamwene," akawasalimia. "Bado nipo. Aliyekufa ni Emilia."

Mmoja alikimbia. Kweli alikimbia, viatu akaviacha. Wengine watatu walibaki midomo wazi, kilio kikiwa kimekatikia kooni, wasijue wafurahi au waanze upya.

Anneth alishuka akapiga magoti kwenye nyasi zenye umande. "Baba, ni mimi niliyesoma."

Mzee hakuwa na hasira usoni. Alikuwa amechoka tu.

"Tangu alfajiri," akasema, "namtangaza mke wangu hapa mlangoni, mtu mmoja mmoja. Kila anayekuja ananililia mimi kwanza. Nikishamweleza, machozi yamemwishia. Emilia anapata makombo, binti yangu."

Anneth alisimama akaenda kwenye kona ya ua, njia inapopinda, akawa anawazuia watu kabla hawajafika kwa mzee. "Aliyefariki ni mama Emilia. Baba Enoki yupo. Mimi ndiye niliyekosea." Wengine walimsonya. Bibi mmoja aliuliza, "Wewe ulikosea ukiwa unafanya nini?" Bibi akangoja jibu, halafu akapita.

Saa nne na nusu alikuja mwanaume wa makamo, suruali imechafuka vumbi la safari, mkononi mfuko wa dagaa wa ziwani. Kabla Anneth hajafungua mdomo, alikuwa ameshampita kwa haraka ya mtu aliyechelewa.

"Huyo ni mjomba Joackim," Kasimiri akanong'ona. "Mdogo wa mama. Wamemtuma peke yake."

Joackim aliingia uani akitafuta kwa macho kundi la wanawake, mahali anapokaa mjane. Akaona kiti. Akamwona Enoki juu ya kiti. Alirudi nyuma hatua mbili, akashika nguzo ya uzio.

"Shemeji?"

"Ni mimi, shemeji."

"Wewe si..." Alicheka, kicheko kifupi cha kuchanganyikiwa. "Redio imesema... Ah, shemeji! Basi watu wametuchezea! Nimelala njiani kwa ajili yako! Dada yuko wapi, aje achukue hawa dagaa wake, nimembebea ajifariji?"

Uani palikuwa na watu zaidi ya sitini, na wote waliangalia chini. Joackim aliangalia uso mmoja, akaangalia mwingine. Kicheko kilibaki usoni pake hakina mwenyewe. Kisha akauona mlango wa sebule ulio wazi, na jeneza ndani.

Mfuko ulianguka. Dagaa wakatapakaa kwenye nyasi, na mpaka jioni hakuna aliyethubutu kuwaokota.

Alipoweza kusema, Joackim alisema jambo moja: "Kaka Xaveri hajui. Ameniambia wewe nenda, mimi nina nyavu za kushona. Mkimzika leo bila yeye, mimi kule sirudi."

Mwinjilisti aliyekuja kuongoza mazishi na mzee Enoki walizungumza pembeni. Baridi ilikuwa kali, mwili ungeweza kungoja mpaka kesho saa nane mchana. Zaidi ya hapo, hapana. Lakini Xaveri atajuaje? Simu yake ilipigwa tena, haikupatikana.

Anneth alimpigia Rodrick. "Nataka niingie hewani sasa hivi, kwa simu."

"Sasa hivi kuna kipindi cha mbolea, kina mdhamini. Subiri saa saba."

"Saa saba huenda ameshaingia ziwani. Saa hizi yupo nyumbani anashona nyavu, redio iko karibu."

"Anneth, ukitangaza kwamba kituo kinaua watu walio hai, usirudi."

"Sitataja kituo. Nitajitaja mimi."

Anneth alisikia fundi mitambo akimwambia Rodrick kitu, Rodrick akimjibu kwa ukali, halafu sauti ya kipindi cha mbolea ikakatwa katikati ya neno.

Watu wote wa uani walikuwa wamemzunguka. Safari hii hakuwa na fomu, na hakuwa na mahali pengine pa kuwepo.

"Naitwa Anneth Mlowe. Jana saa saba mchana na saa mbili usiku nilitangaza kwamba Bwana Enoki Mwalongo wa Kichiwa amefariki. Si kweli. Bwana Enoki yuko hai, yupo mbele yangu. Aliyefariki ni mke wake, Emilia Haule. Nilikosea kwa sababu nilikuwa sisomi. Nilikuwa naangalia mambo yangu. Habari hizi zimfikie kaka yake mkubwa, Xaveri Haule, ziwani Ludewa. Mzee Xaveri, dada yako hatazikwa leo. Anakusubiri wewe mpaka kesho saa nane mchana. Aliyefariki ni Emilia."

Alirudia mara tatu. Mara ya tatu, wanawake waliokuwa wameishiwa machozi tangu alfajiri wakaanza kulia, kilio kikamwendea Emilia mwenyewe.

Usiku alirudi Mjimwema kwa mama yake. Asubuhi alikuwa Kichiwa tena, kwenye kona ile ile. Saa tano ikapita, saa sita, saa saba. Kaburi lilikuwa tayari. Saa saba na nusu mwinjilisti alivaa joho. Dakika kumi baadaye lori la kubebea samaki likapanda njia likinguruma, nyuma limejaa watu waliosimama, ishirini hivi, wanaume kwa wanawake, wamejifunika mablanketi.

Xaveri alishuka wa kwanza. Alikuwa mzee mrefu, mkavu. Aliingia sebuleni, akafunuliwa uso wa dada yake, akakaa naye ndani mpaka saa nane ikapita, na hakuna aliyemharakisha. Kaburini, jeneza lilipokwisha kushushwa, alichota udongo akauliza, "Aliyesoma yuko wapi?"

Anneth alisogea. Alijiandaa kutukanwa. Alijiandaa hata kupigwa.

"Juzi uliposoma," mzee akasema, "nilikuwa nakula. Nikasikia Enoki amekufa. Unajua nilisema nini?"

"Hapana, baba."

"Nilisema, afadhali. Afadhali ni shemeji, si dada yangu. Nikamshukuru Mungu kwa sauti, mke wangu shahidi. Nikamaliza kula, nikaongezewa." Mkono wake ulikuwa umeshika udongo, na udongo ulikuwa ukimtoka katikati ya vidole. "Emilia alikuwa ameshapoa, mimi nashukuru na kuongezewa ugali. Hilo nitalibeba mpaka na mimi nisomwe. Sikutukani, binti. Nataka tu ulijue na wewe."

Akainama, akachota udongo mwingine, akautupa. Ukagonga mbao za jeneza, sauti ambayo Anneth hakuwahi kuisikia, kwa maana mazishi yote aliyoyatangaza hakuwahi kuhudhuria hata moja.

Jioni Kasimiri alimrudisha mjini. Walipofika kituoni hakuzima pikipiki.

"Wamekufukuza?"

"Rodrick amenipigia, ni barua ya onyo tu. Nimeambiwa kesho nije."

"Utasoma?"

"Nitasoma."

"Kazi yenyewe unaipenda?"

Anneth alifikiria kumdanganya. Mtu aliyelala kwenye maranda apimwe jeneza la baba yake alistahili kuambiwa kweli.

"Hapana," akasema. "Hata kidogo. Nikipata nyingine karibu na mama, naondoka siku hiyo hiyo. Lakini kesho asubuhi kuna watu watakuja pale dirishani na karatasi."

Kasimiri aliitikia kwa kichwa mara moja, akageuza pikipiki kuelekea Makambako. Fundi alikuwa bado na jeneza la pili, na mtu lazima aende kumwambia halihitajiki.