Wepukhulu na Pikapu ya Mzee Kiptoo

Wepukhulu hakuwa mtu wa kumchukia jirani bure. Alihitaji sababu, na Jumanne moja ya mwaka ule wa njaa, wa mahindi ya njano ya msaada, aliipata: pikapu ya Mzee Kiptoo, Peugeot nyeupe yenye mbao za kubebea ng'ombe, ilikuwa imesimama katika gereji ya Otiende. Mzee mwenyewe alikuwa amekaa kwenye benchi la wateja, anacheka.

Wepukhulu aliweka debe lake la maji chini, katikati ya njia, akasimama kuangalia kama mtu aliyemwona mkewe kwenye baiskeli ya mwanamume mwingine.

Tumwonee huruma kidogo. Alitoka Kimilili akiwa kijana, akaosha matrekta katika shamba la mzungu karibu na Moi's Bridge, mpaka siku fundi wa shamba alipougua na yeye akaambiwa ajaribu. Trekta likawaka. Tangu siku hiyo hakuosha trekta tena. Gereji yake katika mtaa uitwao West Indies ilikuwa kiwanja kitupu kando ya barabara, na cheti hakuwa nacho. Alichokuwa nacho ni Mzee Kiptoo. Kwa miaka kumi na moja mkulima huyo wa sehemu iitwayo Ziwa alimwita "daktari wangu" mbele za watu, na wakulima wenzake wakamfuata na magari yao. Huyo akihama, wote wanahama. Wepukhulu alilijua hilo kama alivyojua idadi ya watoto wake.

Na Otiende je? Amekuja juzi tu, miaka miwili, na tayari ana cheti, ana mabati, ana picha ya Rais ukutani na benchi la wateja. Anaongea polepole. Hata nati akiifungua, anaipangusa kabla ya kuiweka chini! Wepukhulu alimwonea gere mpaka akaichukia ile sauti yake ya upole.

Jioni hiyo hakugusa chakula. Alimsema Otiende tangu ugali ulipoiva hadi ulipopoa.

"Baba Wanjala," mkewe Nabwire akamwambia, "kama huyo mtu anakushibisha hivyo, kesho sitapika."

Siku ya Alhamisi pikapu ikaingia kwenye kiwanja chake, ikatetemeka, ikazima kabla Mzee hajavuta breki ya mkono.

"Daktari, hii gari imenishinda," Mzee Kiptoo akasema akishuka. "Ikiwa baridi inaenda sawa. Ikishapata moto, nikitoa mguu kwa mafuta, inatetemeka, inazima. Jana imezima mara tatu kabla nifike soko."

"Na yule fundi yako mpya amesema nini, Mzee?"

"Angalia kwanza, tutaongea." Akaenda zake mjini kununua dawa ya ng'ombe.

Wepukhulu aliwasha injini, akaiacha ipate moto. Ikaanza kuyumba. Akachomoa waya za plagi moja moja. Kila akichomoa, injini ilizidi kudhoofika, kwa hiyo plagi zote zilikuwa zinafanya kazi. Akafunika mdomo wa kabureta nusu kwa kiganja. Injini ikatulia papo hapo. Akaondoa kiganja, ikayumba tena. Basi! Kuna mahali inavuta hewa ya wizi, hewa isiyopitia kabureta, na petroli haitoshi kuchanganyika nayo.

Akachovya brashi kwenye maji ya sabuni, akapaka kuzunguka kitako cha kabureta. Upande wa nyuma povu likanyonywa ndani, fyu, na mngurumo ukabadilika.

"Otiende!" akasema kwa sauti, na moyo wake ukajaa furaha mbaya. "Amefungua kabureta akashindwa kuifunga. Na cheti chake!"

Akazima injini, akaifungua kabureta, akaiinua. Gasketi, kile kipande cha kuziba hewa, iliyokaa chini yake ilikuwa imeungua ukingo mmoja na kupasuka. Haikuwa gasketi ya duka. Ilikuwa kadibodi, na upande mmoja ilikuwa na maandishi ya buluu: saizi saba, ya wanawake. Lilikuwa boksi la viatu alivyomnunulia Nabwire Krismasi. Mwezi wa Januari spea zilikosekana mjini kote, naye akaikata kwa mkasi wake mwenyewe, akajiambia ataibadilisha baadaye, halafu akasahau.

Mganga hajigangi. Alibaki ameishika, masikio yakimwaka moto. Kisha akaangalia huku na huku, akaitia mfukoni.

Kazi iliyobaki aliifanya vizuri, hilo tumpe. Alikata gasketi mpya kwenye karatasi yenyewe ya gasketi, akakaza nati kwa zamu, hii kidogo na ile kidogo, kisha akarekebisha mwendo kwa bisibisi. Injini ikatulia hata glasi ya chai ungeiweka juu yake isimwagike.

Mzee Kiptoo aliporudi aliisikiliza, akatabasamu. "Ilikuwa nini, daktari?"

Hapo ndipo angesema. Maneno yalikuwa matatu tu: ni kosa langu. Lakini aliliona lile benchi, akakisikia kile kicheko cha Jumanne.

"Mzee, wewe ni kama baba yangu, sitakuficha. Huyo Otiende alifungua kabureta, akaifunga vibaya. Angekuharibia injini kabisa."

Tabasamu la Mzee likaondoka pole pole.

"Otiende hakufungua kitu," akasema. "Hata spana hakushika. Alisikiliza tu, akaniambia, 'Mzee, hapa kuna mkono wa fundi mwingine, na mimi sifungui kazi ya mwenzangu akiwa hayuko. Rudisha kwake, ataona mwenyewe.' Nikamuuliza ni nini, akakataa kusema."

Mkono wa Wepukhulu ukaifuata ile kadibodi mfukoni, ukaikunja.

Mzee hakumgombeza. Alimlipa, akamshukuru kama mtu anavyomshukuru mgeni, akaingia garini. Barabarani palikuwa na malori ya nafaka, ikabidi asubiri, mguu ukiwa haukanyagi mafuta. Injini iliunguruma taratibu, haikutetemeka hata kidogo. Kwa mara ya kwanza maishani mwake Wepukhulu aliomba gari alilolitengeneza lizime. Halikuzima. Malori yakapita, Mzee akakata kona kuelekea kwa Otiende.