Filamu za Krismasi na Posa ya Mjukuu Wangu

Ninyi vijana mtakaosoma haya, msinicheke kwamba bibi yenu anatazama filamu za mapenzi. Natazama. Kila Desemba mjukuu wangu, muuguzi wa zahanati kule Kabwe, huniletea kwenye flashi. Tunakaa hapa Sumbawanga, mvua inanyesha, miguu ina tope la palizi, tunaangalia Wazungu wakitembea kwenye theluji.

Kizungu sikijui. Shule niliishia darasa la nne. Lakini filamu ikianza tu nawaambia mwisho wake: binti wa mjini amerudi kijijini kwao, atamchukia huyo seremala, watapatana, watagombana tena kwa jambo dogo, na siku ya mkesha mwanaume atakuja mbio kuomba radhi. Sijakosea hata mara moja, na ndiyo maana nazipenda. Mahindi yanaweza kukosa mvua. Huyo mwanaume hakosi kuja.

Kinachoniudhi ni kimoja. Binti huacha kazi yake akabaki kijijini kuoka biskuti.

Mwaka jana mjukuu alikuja bila flashi. Mchumba wake, mwalimu wa Namanyere, alimtaka aache kazi wakioana. Akakataa. Wiki tatu hawakuongea, na ndugu wa kijana walikuwa walete barua ya posa siku ya Krismasi.

"Bibi, hawaji," akaniambia. "Na kazi siachi."

"Nani kakwambia uache? Kaloweke ulezi."

"Wa nini?"

"Wa togwa ya wageni. Kimea hakisubiri watu wapatane."

"Bibi, hii siyo filamu."

"Loweka."

Sikumwambia kwamba hata mimi nilikuwa na wasiwasi. Ulezi ukaota, tukauanika, tukausaga, togwa ikapikwa.

Krismasi tulitoka kanisani, tukala. Wadogo zake wakawasha televisheni, filamu ile ile ya mwaka juzi. Saa tisa alasiri mchumba akaingia na baba yake mdogo, suruali imejaa tope hadi magotini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Sema kabla hujakaa."

Akamgeukia baba yake mdogo.

"Huyo sijamuuliza," nikasema.

"Nilikosea, bibi. Aendelee na kazi yake. Mimi nitaomba uhamisho nihamie Kabwe."

Katika filamu zote nilizoona, hakuna mwanaume aliyewahi kusema hivyo. Nikawaonyesha viti.

Nyumbani kwangu binti anayeposwa ndiye anayewapigia wageni magoti na kuwapa kinywaji. Mimi nilipiga, mama yake alipiga. Mjukuu akaanza kuinuka. Nilimwangalia, mtoto aliyeshikilia kazi yake wiki tatu bila kuyumba, nikamshika mkono akakaa. Kisha nikawageukia wa nyumbani.

"Togwa ileteni ninyi. Huyu asiinuke. Keshokutwa ana zamu."