Siku Nilipomlilia Mama kwa Spika za Kanisa

Hii aibu sitaificha, maana Kilungu nzima inaijua kuliko mimi: mimi ndiye yule mwimbaji wa blues aliyemtangaza mama yake mzazi kuwa amekufa, asubuhi kweupe, mama mwenyewe akiwa posho mill anasaga mahindi.

Bendi yetu ilikuwa imebakisha wimbo mmoja albamu iishe, na prodyuza alikuwa anarudi Nairobi jioni hiyo (bila huo wimbo hakuna albamu, na bila albamu tungerudi kupiga gitaa kwa harusi za watu). Tulirekodia kanisani kwetu, kwa sababu zile kuta za mawe zinarudisha sauti vizuri. Gitaa na ngoma zilikuwa tayari, imebaki sauti yangu tu, na hapo ndipo mashine ya prodyuza ikakataa kupokea maiki. Nikasema si kuna miksa ya kanisa, nikachomeka. Musyoka, mpiga ngoma wetu, akaniuliza, "Umeangalia hizo waya zinaenda wapi?" Nikamwambia apige ngoma zake.

Waya zilikuwa zinaenda kwa spika za juu ya paa, zile ambazo huku kwetu hutangaza matanga. Sote tumevaa hedfoni, mimi nimefunga macho naimba, "Mama ameenda, ooh, mama ameniacha," narudia na kurudia, prodyuza ananiashiria nilie zaidi, nami nikalia (kwa kulia sina mpinzani).

Nilipofungua macho kanisa lilikuwa linajaa. Akina mama wamebeba sukari na kuni, wazee wamevua kofia, mmoja ana sufuria kubwa ya matanga kabisa. Nyuma yao akaingia mama yangu, anahema, unga bado usoni.

"Mutua, nimeambiwa nimekufa. Na wewe hata simu hukunipigia?"

Nilitamani ardhi inimeze. Nikaeleza kwa kigugumizi, mama akasikiliza, akaketi benchi ya mbele.

"Kama ni kazi, imba uimalize. Hawa watu hawawezi kurudi nyumbani bure."

Nikaimba tena, na akina mama, kwa mazoea ya matanga, wakaanza kuniitikia bila kuambiwa. Prodyuza hakugusa kitu, akaacha mashine irekodi. Ndio huo wimbo mliousikia, ndio uliotutoa, na nasema bila haya kwamba hakuna bendi Ukambani yenye waitikiaji kama wale.

Lakini siku hizi sichomeki maiki kabla sijafuata waya kwa mkono wangu mpaka mwisho wake. Maana kila wimbo ule ukichezwa redioni, hakosekani mtu wa Nuu au Mbooni wa kupiga simu nyumbani kutupa pole, na anayepokea ni mama.