Nilivyokwenda Msaragambo na Bango

Kosa langu la kwanza nilipoanza kazi ya kutafuta wafanyakazi lilikuwa kuamini kwamba tangazo likipendeza, watu watakuja wenyewe. Nilijifunza yote kwenye simu, rangi za bango, video fupi za muziki, namna ya kuifanya kampuni ionekane mahali pa kukimbilia (kampuni yenyewe ni kiwanda kidogo cha kukausha tangawizi hapa Same, lakini kwa video yangu ungedhani ni uwanja wa ndege). Niliirudia ile video mpaka macho yakawa mekundu. Akapiga simu mtu mmoja, naye alikuwa anauza ving'amuzi.

Nakiete, niliyekuwa naye kwenye majaribio ya kazi hiyo hiyo, alituma sauti tu kwenye kundi la WhatsApp la kwaya ya kwao, kuku wakilia nyuma, na asubuhi getini pamejaa. Roho iliniuma, maana bosi alishasema tutabaki mmoja, yule ambaye watu wake watadumu kazini.

Basi nikamsikia akimwambia mlinzi kuwa Jumamosi anapanda kwao milimani, kijiji kina msaragambo, kazi ya pamoja ya kusafisha mfereji. Nikajisemea, kumbe watu wake anawatoa huko! (Mimi ni wa Lembeni, chini barabarani, msaragambo niliusikia kwa bibi tu.) Nikaazima suti, nikakunja bango, nikabeba spika, bodaboda ikanipandisha.

Nikakuta kijiji kizima kimo mferejini, matope magotini. Nikasimama ukingoni, nikafungua bango, nikawasha muziki, nikaanza, "Vijana wenye ndoto kubwa..."

Mzee mmoja akainua kichwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Jembe lako liko wapi?"

"Mimi nimewaletea fursa, mzee."

"Hiyo fursa inachimba?"

Watu wakacheka hadi wakaegemea mipini, na mama mmoja akadakia, "Mwacheni, kaja mazishini kapotea njia!" (suti ilikuwa nyeusi). Kumbe huko ukiwakuta watu kwenye msaragambo hutoi hotuba, unashika kazi kwanza. Nikapewa jembe, nikavua viatu, nikashuka, nikateleza, nikakaa kwenye matope na suti ya watu, na bango langu la "NJOO TUKUE PAMOJA" likaanguka nyuma yangu likaziba maji, nikaambiwa nizibue mwenyewe.

Nakiete alikuwa hatua chache juu, kanga kiunoni, anachimba na wale wasichana niliokuja kuwavutia, akiwajibu habari za nauli, chakula cha mchana, na mwenye mtoto mchanga atafanyaje. Hakuna hata moja lililokuwemo kwenye video yangu.

"Kaka Mbonea, shika mpini chini kidogo," akaniambia, wala hakunicheka, na hapo ndipo wivu uliponichoma zaidi.

Alibaki yeye, maana watu wake ndio waliodumu. Mimi, badala ya kufukuzwa, bosi aliniongezea muda wa majaribio, na yeye ndiye msimamizi wangu. Bado namwonea wivu, siwadanganyi. Ila sasa nikipanda milimani kutafuta watu, nabeba jembe, na bango naliacha ofisini.